Buibui wa Nyumbani: Wajue kwa Sura Kabla ya Kununua Dawa

Mkazi yeyote wa Eastlands anaijua sauti ile ya kipaza sauti inayopita kati ya fleti jioni: dawa ya panya, mende, kunguni, viroboto. Ukimwuliza muuzaji kama inaua buibui pia, jibu ni ndiyo. Chupa haina lebo, bei ni ya chini, na mzazi aliyeona buibui mweusi juu ya kitanda cha mtoto hana muda wa kuuliza maswali mengi. Anapuliza chumba kizima, anafunga dirisha, na usiku huo watoto wanalala humo humo.

Mara nyingi buibui aliyesababisha hayo yote hana madhara yoyote kwa binadamu. Na mara nyingi vilevile, yule anayestahili tahadhari yuko nje kwenye veranda, chini ya kiti cha plastiki ambacho kila mtu anakikalia. Somo hili linahusu kuwatofautisha hao wawili, na jamaa zao wengine tunaoishi nao kutoka Kaloleni na Makongeni hadi Kayole, Dandora, Buruburu na Pipeline. Huhitaji kifaa chochote isipokuwa glasi ya kunywea maji, kipande cha karatasi ngumu na simu yenye tochi.

Kwanza hakikisha kwamba unayemwangalia ni buibui. Buibui ana miguu minane na mwili wa sehemu mbili: sehemu ya mbele, ambapo kichwa na kifua vimeungana, na tumbo nyuma. Hana mabawa wala papasi. Ukihesabu miguu sita, huyo ni mdudu. Jambo hili linaonekana dogo, lakini tutaona baadaye kwamba kidudu mwenye miguu sita ndiye husababisha vidonda vingi ambavyo buibui hulaumiwa kwavyo.

Kiswahili kinawaita wote buibui tu, kwa hiyo katika makala haya tumewapa majina ya kazi kulingana na wanavyoonekana, na pale inapofaa tumeongeza jina la kisayansi.

Anayejulikana zaidi ni yule mwenye miguu mirefu, mwembamba kama uzi, anayening'inia kichwa chini kwenye pembe za dari, nyuma ya kabati na juu ya tangi la choo. Katika nyumba za zamani zenye paa la vigae, kama zile za Kaloleni zilizojengwa miaka ya 1940, unaweza kumkuta katika kila pembe. Mwili wake ni mdogo, rangi ya kijivu au kahawia iliyofifia, na miguu ni mirefu mara nyingi kuliko mwili. Mguse utando wake kwa ncha ya kalamu. Ataanza kujitikisa kwa kasi mpaka umbo lake lisionekane vizuri. Hakuna buibui mwingine wa nyumbani anayefanya hivyo kwa namna ile, na kwa maoni yetu hiyo ndiyo njia rahisi kuliko zote za kumtambua.

Hata hawa wa miguu mirefu si wa aina moja. Kuna mwenye tumbo refu la mviringo kama punje ya mchele iliyochorwa madoa meusi, anayeitwa Smeringopus pallidus. Kuna mwingine, Crossopriza lyoni, ambaye tumbo lake ukiliangalia kutoka upande lina kona, limeinuka nyuma kama nundu. Kwa usalama wa nyumba tofauti hiyo haina maana, kwa kuwa wote wawili ni watulivu na sumu yao ni dhaifu kwetu. Lakini kwa mwanafunzi anayependa kuangalia kwa makini, ni mazoezi mazuri. Jike hubeba mayai yake mdomoni, yamefungwa kwa nyuzi chache tu kiasi kwamba unaweza kuyaona moja moja kama shanga. Ukimwona buibui wa miguu mirefu aliyeshika kifungu cha shanga za rangi ya krimu mbele ya uso, usidhani anakula, ni mama.

Buibui hawa hula mbu na nzi wanaonaswa, na pia hula buibui wengine. Kuna wanaoingia kwenye utando wa jirani, wanautikisa kama vile mdudu amenaswa, na mwenye utando anapokuja mbio anafungwa nyuzi. Kwa hiyo anayewafagia wote kila Jumamosi anaweza kuwa anawaondoa wale wanaomzuia buibui mbaya zaidi asikae ndani. Fagia sebuleni kama utando unakuudhi, lakini wale wa stoo na wa chooni unaweza kuwaacha.

Wa pili ndiye huwafanya watu wapige kelele. Unasogeza kalenda au picha ukutani, na kitu kilichobapa kama kimekanyagwa kinatoka mbio kwenda kando, si mbele. Huyu ni bapa wa ukutani, wa jenasi ya Selenops. Akitandaza miguu anafikia ukubwa wa sarafu ya shilingi 20 au kuzidi. Rangi yake ni kijivu na kahawia yenye mabaka, na miguu imelala ubavuni kama ya kaa. Hajengi utando wa kunasia. Huwinda usiku kwa kuvizia. Ubapa wake ndio unaomwezesha kuingia kwenye ufa ambao hata kisu kinapenya kwa shida. Watu humwogopa kwa ajili ya kasi yake, ilhali kasi hiyo ni ya kukimbia kujificha.

Mayai yake ndiyo yanayoleta maswali mengi. Ni kisahani cheupe, chembamba kama karatasi, kilichobandikwa ukutani au nyuma ya fremu, ukubwa wa sarafu. Wengine hudhani ni ukungu au rangi inayobanduka. Ukitaka kukiondoa, kibandue kwa kisu cha zamani, hakuna hatari.

Usimchanganye bapa huyu na kidogo mno anayekaa kwenye ukuta uleule, mwenye urefu wa milimita 2 au 3 tu, ambaye utando wake ni kama nyota ndogo nyeupe iliyobandikwa kwenye plasta. Huyo ni Oecobius, mwindaji wa siafu wadogo na sisimizi. Akimpata sisimizi humzunguka mbio, akimviringishia uzi mpaka asiweze kutoka. Mtoto akikuuliza zile nyota nyeupe kwenye ukuta wa ngazi ni za nini, sasa una jibu.

Wakazi wanaosafiri kwenda Mombasa wakati wa likizo huenda wakakutana na mkubwa zaidi, mwenye miguu inayojaza kiganja na mstari wa krimu usoni. Huyo ni Heteropoda venatoria, anayepatikana katika maeneo ya joto duniani kote na ambaye chakula chake kikubwa ni mende. Anafanana na bapa wa ukutani, ila mwili wake ni mnene zaidi, na jike hubeba kisahani cha mayai chini ya kifua badala ya kukibandika ukutani.

Mrukaji ni rahisi kumtambua. Ni mfupi, mwenye manyoya, na macho mawili makubwa mbele kama taa za matatu. Hutembea mchana kwenye kioo cha dirisha, husimama, hugeuka kukutazama, kisha huruka. Ukisogeza kidole taratibu atakigeukia. Ni mwindaji wa nzi, na hana sababu ya kufukuzwa. Ndugu yake mmoja amelipatia taifa letu umaarufu katika sayansi: Evarcha culicivora, anayeishi kando ya Ziwa Victoria pekee, nchini Kenya na Uganda. Watafiti waliofanya kazi katika kituo cha ICIPE kule Mbita walieleza mwaka 2005 kwamba buibui huyo huchagua mbu jike aliyekwisha kunywa damu kuliko mawindo mengine. Hatupatikani naye hapa Nairobi, lakini warukaji wetu wa madirishani ni wa ukoo uleule.

Sasa tufike kwa yule wa veranda.

Anaitwa mjane wa kahawia, Latrodectus geometricus. Ni wa jenasi moja na wajane weusi wanaoogopwa Marekani na kusini mwa Afrika, na hii ndiyo sababu picha za wajane weusi husambazwa kwenye makundi ya WhatsApp ya mitaa zikiambatana na maonyo. Tatizo la picha hizo ni kwamba zinamfanya mkazi atafute buibui mweusi anayeng'aa, huku aliye chini ya kiti chake ni wa rangi ya vumbi.

Jike la mjane wa kahawia lina mwili wa sentimita moja hivi, au moja na nusu, bila kuhesabu miguu. Tumbo ni la mviringo kama njegere. Rangi hubadilika kutoka kijivu hafifu hadi kahawia iliyokolea, lakini mara nyingi utaona madoa na mistari ya rangi ya krimu ubavuni, na miguu yenye pete nyeusi kwenye viungo. Alama inayomaliza ubishi iko chini ya tumbo: pembetatu mbili zilizogusana ncha, kama tarakimu 8 iliyochorwa kwa rula, ya rangi ya machungwa au nyekundu ya machungwa. Kwa kuwa hukaa kichwa chini kwenye utando, tumbo likielekea juu, alama hiyo huonekana vizuri ukimulika kwa tochi.

Kama hakai vizuri, tumia glasi. Mfunike kwa glasi ya kioo au chupa ya plastiki iliyokatwa, pitisha karatasi ngumu chini, kisha inua na umwangalie kupitia kioo kutoka upande wa tumbo. Piga picha ukiwa umesogeza simu karibu. Usitumie mkono mtupu, hata kama anaonekana amekufa: akiguswa, mjane wa kahawia hukunja miguu, hudondoka na kulala kama kokoto.

Anayefanana naye zaidi ni buibui wa kawaida wa utando uliovurugika, Parasteatoda tepidariorum na jamaa zake. Naye ana tumbo la mviringo, naye ni kahawia, naye hupenda pembe. Tofauti ni kwamba ni mdogo, takriban nusu ya mjane aliyekomaa, na chini ya tumbo hana ile 8 ya machungwa. Mabaka yake ni kama vumbi lililopakwa ovyo, si madoa yenye mpangilio. Kuna pia wa jenasi ya Steatoda, ambaye hung'aa zaidi na huwa na rangi ya zambarau iliyokaribia nyeusi. Huyu ndiye watu humwita mjane mweusi wanapomwona kwenye picha. Naye hana alama ya 8.

Hapo rangi inapokuchanganya, angalia mayai. Kwa mkazi wa kawaida mfuko wa mayai ni ushahidi mzuri kuliko buibui mwenyewe, kwa sababu hauwezi kukimbia. Mfuko wa mjane wa kahawia ni mviringo, ukubwa wa ncha ya kidole kidogo, rangi ya krimu, na umejaa vijiba pande zote. Wengi wetu tunakumbuka mabango ya mwaka 2020 yenye picha ya kirusi cha korona; mfuko huu unafanana nacho kabisa. Mfuko wa Parasteatoda ni wa kahawia, laini kama karatasi ya kaki, na umechongoka upande mmoja kama tone la maji. Wa Steatoda ni kama kifundo cha pamba kilicholegea. Vijiba ni vya mjane wa kahawia pekee kati ya hawa. Ukiona vijiba hivyo, hata kama hujamwona mama, yuko karibu, na ndani ya kila mfuko huweza kuwemo mayai zaidi ya 100.

Uzi nao unasema. Utando wa mjane ni wa ovyo, hauna duara zuri, lakini ni imara. Ukiupitisha kijiti utasikia ukikatika, kama uzi wa cherehani. Utando wa buibui wa miguu mirefu hukatika bila sauti na kung'ang'ania kijiti kama moshi.

Mahali pa kumtafuta katika mitaa yetu ni nje na kwenye vitu vilivyotulia: ndani ya ukingo wa viti vya plastiki, chini ya dirisha kati ya grili na ukuta, upande wa chini wa geti, kwenye masanduku ya mita za stima, vyungu vya maua, matairi ya zamani, jerikeni zilizopangwa ambazo hazitumiki, mikokoteni iliyoegeshwa kwa muda mrefu, na viatu vilivyoachwa kwenye balkoni. Vyumba vya ndani vinavyofagiliwa mara kwa mara havimfai sana. Anayevaa buti za kazi zilizolala nje azikung'ute kwanza, na kiti cha plastiki kilichokaa wiki kadhaa kipinduliwe kabla mtoto hajaweka vidole chini ya ukingo wake.

Je, ni hatari kiasi gani? Ni mwoga. Huuma akibanwa kwenye ngozi, kwa mfano ndani ya kiatu au chini ya paja la mtu aliyeketi. Mara nyingi matokeo yake ni maumivu na wekundu mahali pale, na hupungua. Osha kwa maji na sabuni, weka kitambaa kilicholowa maji baridi, tulia. Usikate jeraha, usinyonye, usifunge kamba, usipake mafuta ya taa wala dawa ya meno. Nenda kituo cha afya bila kungoja kama maumivu yanasambaa, tumbo au mgongo unakaza, jasho linatoka kupita kiasi, au aliyeumwa ni mtoto mdogo, mzee au mama mjamzito. Beba buibui kwenye chupa iliyofungwa, au picha yake. Mhudumu wa afya atafanya kazi kwa urahisi zaidi akijua ni nani aliyeuma.

Tumesema vidonda vingi si vya buibui. Watu wengi huamka na mstari mwekundu unaowaka shingoni au mkononi, wenye malengelenge, na kusema buibui amewakojolea usiku. Buibui hafanyi hivyo. Mara nyingi, hasa wakati wa mvua, mhusika ni kidudu aliyepewa jina la jiji letu, nzi wa Nairobi, ambaye kwa kweli si nzi bali mbawakawa wa jenasi ya Paederus. Ana ukubwa wa punje ndefu ya mchele, miguu sita, na mwili wenye mapande ya rangi nyeusi na ya machungwa. Haumi wala hachomi. Sumu iko ndani ya mwili wake, na humwagika mtu anapompiga kofi. Ngozi haibadiliki papo hapo. Wekundu huja baada ya siku moja au mbili, ndiyo maana watu hawakumbuki walichokiponda.

Angalia umbo la kidonda. Cha nzi wa Nairobi huwa mstari, kufuata njia ambayo mkono ulimburuta. Kikiwa kwenye mkunjo wa kiwiko, utaona vidonda viwili vinavyotazamana kama pacha, kwa sababu ngozi ya juu iligusa ya chini. Vipele vilivyojipanga mstari vinavyowasha asubuhi, hasa mikononi na shingoni, ni ishara ya kunguni. Kagua mishono ya godoro. Malengelenge yenye maumivu yanayofuata upande mmoja tu wa kifua au mgongo huenda yakawa mkanda wa jeshi, ugonjwa unaohitaji daktari mapema.

Nzi wa Nairobi akitua juu yako, mpulize kwa mdomo au mpandishe kwenye karatasi. Usimponde. Kama tayari ameshapondeka, osha ngozi mara moja kwa sabuni, usijiguse macho, na fua shuka. Huvutwa na taa, kwa hiyo zima taa ya balkoni mapema au funga pazia.

Turudi kwenye ile chupa isiyo na lebo. Hata dawa nzuri haifanyi kazi vizuri kwa buibui, kwa sababu husimama kwa ncha za miguu, tena juu ya utando, na dawa iliyopulizwa ukutani haimfikii ipasavyo. Dawa ya shambani iliyomiminwa kwenye chupa ya soda humfikia mtoto anayetambaa kabla ya kumfikia buibui. Kama ni lazima ununue dawa kwa ajili ya mende au kunguni, angalia lebo yenye nambari ya usajili ya PCPB, bodi inayosimamia dawa za kuua wadudu nchini. Isiyo na nambari hiyo usiilete nyumbani, hata kama jirani aliisifu.

Kwa mjane wa kahawia, ufagio unatosha. Vaa glavu nene na viatu vilivyofungwa, pindua kiti mchana, mponde buibui kwa kijiti, kisha kwangua mifuko yenye vijiba na kuitia kwenye mkebe wa maji moto yenye sabuni. Usiitupe tu kwenye pipa la ploti. Mayai yataanguliwa humo. Rudia baada ya wiki mbili au tatu, kwa sababu wadogo walioanguliwa kabla hujafika husafiri kwa uzi hewani na kutua kwenye kiti kinachofuata. Wenye nyumba na wasimamizi wa fleti wanaweza kukubaliana na walinzi wakague geti, ngazi na masanduku ya mita siku ileile, la sivyo anayesafisha balkoni yake peke yake atakuwa anapokea wa jirani kila mwezi.

Ukiwa na buibui ambaye hakuingia katika maelezo haya, piga picha tatu: ya mgongo, ya tumbo kupitia glasi, na ya utando au mayai mahali ulipovikuta. Mwonyeshe mhamasishaji wa afya ya jamii wa mtaa wako. Makumbusho ya Kitaifa pale Museum Hill nayo ina sehemu inayoshughulikia wanyama wasio na uti wa mgongo, na picha ya tumbo itawasaidia kuliko zote.